Maji yamo au hayamo? Historia ya kodi ya chumba Majengo

Majuzi nilikuwa mjini Embu, nikapata kama saa moja hivi ya kupoteza kabla ya matatu kujaa. Nikajikokota hadi Majengo. Kwenye lango la mabati la ploti moja palitundikwa kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: CHUMBA KINAPANGISHWA. KODI 4,500 PAMOJA NA MAJI NA STIMA. Nikasimama kukitazama. Kilichonisimamisha si bei. Ni yale maneno mawili, "pamoja na". Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika mtaa huo huo, maneno hayo hayo yalinifanya nihame usiku nikiwa nimebeba godoro kichwani.

Nilikuwa mwalimu mpya, mshahara wa kwanza haujaingia. Mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba sita alinipa chumba cha mwisho kulia, karibu na ua, kwa shilingi 400 kwa mwezi. "Mwalimu," aliniambia, "hapa kwangu unalipa kodi pamoja na maji na stima, hatusumbuani." Mimi nilisikia: mia nne, basi. Yeye alikuwa amesema: mia nne, halafu maji, halafu stima. Mwezi ulipokwisha akaniletea kikaratasi. Kodi 400, maji 60, stima 90.

"Mama, si tulikubaliana kodi ni pamoja na maji na stima?"

"Ndiyo, mwanangu. Basi lipa kodi, pamoja na maji, pamoja na stima."

Tukapelekana kwa mzee mmoja aliyefundisha chuoni hapo mtaani, chuo kwa maana ya zamani, cha watoto kusoma Kurani. Maalim alitusikiliza sote wawili hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe shuleni unafundisha somo gani?" Nikamjibu, "Kiswahili." Baraza nzima ikaangua kicheko. Aliamua nilipe nusu ya maji na nusu ya stima, na mwezi unaofuata tuseme upya. Mwezi uliofuata mimi, kwa ujana na kiburi cha sarufi, nilikataa kulipa hata hiyo nusu. Nikarudi jioni nikakuta kufuli la pili mlangoni.

Nani alikuwa na haki? Kwa miaka mingi niliamini ni mimi. Siku hizi sina hakika. "Pamoja" ni "moja" yenye kiambishi cha mahali, pa-. Yaani mahali pamoja. Mtu akisema vitu viwili viko pamoja, amesema vimekaa karibu. Hajasema kimoja kimo ndani ya kingine. "Amekuja pamoja na mkewe" haina maana kwamba mkewe yumo ndani yake. Kwa hiyo "utalipa kodi pamoja na maji" ni malipo mawili yanayotembea bega kwa bega, na mama wa watu alisema sawa. Lakini tamka "kodi ni 400 pamoja na maji", ukitanguliza tarakimu, na kila msikilizaji ataelewa kwamba maji yamehesabiwa humo. Tofauti iko kwenye mahali pa ile namba, na katika mazungumzo ya mlangoni namba huwa haikai mahali pamoja. Inatajwa mwanzo, inarudiwa katikati, inapunguzwa mwisho.

Kuna jozi nyingine mbaya zaidi. "Maji ni juu ya mwenye nyumba" maana yake ni kwamba yeye ndiye atakayelipa. "Maji ni juu ya kodi" maana yake ni kwamba wewe ndiye utakayelipa, na ni nyongeza. Kihusishi ni kile kile kimoja, "juu ya", na mfuko unaotoboka unabadilika.

Lakini lawama zote tusizitupe kwa "pamoja na". Neno lenyewe "kodi" lina mkoba mkubwa. Kamusi zetu hulipa maana mbili kwa pamoja: fedha anazotoza mtawala, na fedha anazotoza mwenye nyumba. Watu wa nyanda za Mlima Kenya walikutana kwanza na ile ya kwanza. Serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya vibanda katika nchi hii mwaka 1901. Embu ikatiwa chini ya utawala huo kwa mtutu wa bunduki mwaka 1906, na Meru ikapata kituo chake cha serikali mwaka 1908. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Mzee wa Mbeere au wa Imenti alitozwa kodi ya nyumba aliyoijenga kwa miti yake, kwenye ardhi ya ukoo wake, na ambayo hakuwa mpangaji wa mtu yeyote. Ili apate sarafu za kuilipa, mwanawe alishuka kwenda kufanya kazi mjini, na huko mjini akalipa kodi nyingine, ya chumba. Neno moja lilimsukuma kutoka nyumbani na likamngoja alikofika.

Sisi Wakenya tumejaribu kuzitenganisha maana hizo. Ya serikali tunaiita ushuru, ya nyumba tunaiita kodi, ingawa magazeti huchanganya. Tangu 2016 Mamlaka ya Ushuru inawatoza wenye nyumba ushuru wa mapato ya kodi, asilimia 10 kwanza, kisha asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, na hesabu hiyo inapigwa kwenye kodi yote bila kutoa gharama. Jaribu kukisema hicho kwa Kiswahili cha Dar es Salaam uone: kodi ya kodi.

Huko Tanzania mambo ni kinyume. Kodi ni ya serikali kwanza. Ya nyumba inaitwa kodi ya pango, au pango tu, jina ambalo ni sawa na la shimo la mwambani. (Wanafunzi wangu walidhani ni utani. Nyumba nyingine ukiziona hutacheka.) Na kuna kitu kinachoitwa kodi ya majengo. Msomaji wa Embu akisikia hivyo atafikiri ni chumba cha mtaa wetu, kumbe ni ile inayolipwa na mwenye jengo kwa serikali. Mnamo Agosti 2021 serikali ya huko iliamua kuikusanya kupitia LUKU, yaani mita za umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 za Tanzania kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapandishwa kwa nusu. Ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na anayedaiwa kodi ya majengo ni mwenye nyumba. Ikawabidi wenye nyumba na wapangaji wakae chini wapatane jinsi ya kukatana hesabu. Kwa hiyo, mpangaji wa Dar anayeingiza tarakimu za LUKU analipa umeme pamoja na kodi. Tumerudi pale pale kwa mama yangu wa Majengo.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni lini hasa maji na taa viliingia ndani ya kodi, na nikagundua nilikuwa nimeshika swali kwa upande usiofaa. Vilikuwamo tangu mwanzo. Vilichofanya ni kutoka.

Tazama jina la mtaa. Majengo yapo Mombasa, Nairobi, Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu. Moshi na Dodoma pia zina Majengo zao. Ni wingi wa jengo, na jengo ni la kujengwa. Wakoloni walikuwa na mitaa ambayo serikali au mwajiri ndiye aliyejenga, safu za vyumba vya makuli na askari. Majengo palikuwa mahali ambapo mtu aliruhusiwa kujenga mwenyewe. Pumwani ya Nairobi, ambayo hadi leo wenyeji huiita Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watu waliokuwa wakiondolewa kwenye vijiji vya pembezoni mwa mji; waliobaki Pangani wakavunjiwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliojenga walikuwa Waislamu kwa sehemu kubwa, watu wa pwani, wafanyabiashara, askari wa zamani, na watu wa bara waliosilimu na kuanza kujiita Waswahili. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, ameonyesha jinsi wanawake waliokuwa wakijitafutia riziki peke yao mjini Nairobi walivyojenga na kumiliki nyumba huko, wakawa wenye nyumba kabla wanaume wengi hawajaota jambo hilo. Mama yangu wa Embu alikuwa na kina mama wenzake wa zamani.

Nyumba yenyewe ililetwa kutoka pwani. Baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani nyuma: jiko, bafu, choo, na penye bahati, kisima. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Anayepanga chumba hapo hakununua kuta nne peke yake. Amepata haki ya kuteka maji, kuanika nguo kwenye kamba, kukaa barazani jioni, na kuzikwa na watu akifa bila ndugu karibu. Hakuna aliyeandika bei ya kitu kimoja kimoja kwa sababu hakuna kilichokuwa na mita. Taa ndiyo iliyokuwa ya mtu binafsi: ulikuja na koroboi yako na mafuta yako.

Na tusisahau, hata mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mpangaji. Mombasa kuna utaratibu wa miaka mingi wa nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zako, udongo ni wa mtu mwingine, na unamlipa kodi ya kiwanja. Ndani ya kodi ya chumba kulikuwa na kodi nyingine iliyojificha. Labda ndiyo sababu Kiswahili kilichagua "kupanga" kwa jambo hili. Unaweza kukodi gari, baiskeli au viti vya arusi, ukavirudisha kesho. Ukipanga umejiweka kwenye mpango fulani wa watu, una mahali pako katika safu. Sitasisitiza sana hapo, kwani Wakenya wengi husema "nimekodi nyumba" na hawajapotoka. Lakini sikio langu huona tofauti.

Kodi hii ilikuwa nzito kiasi cha kusimamisha bandari. Mwezi wa Julai na Agosti 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa pesa za nyumba. Serikali ikaunda tume chini ya Willan kuchunguza hali yao. Januari 1947 mji huo huo ukagoma tena, safari hii karibu wote. Kilio chao kimeingia sheria: kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa, au fedha za kutosha za kodi juu ya mshahara. Kisha kinaruhusu mapatano ambamo fedha hizo zimechanganywa tayari ndani ya mshahara. Kila mfanyakazi aliyewahi kusoma barua ya kazi yenye maneno "mshahara huu ni pamoja na marupurupu ya nyumba" anajua kwamba ugomvi wangu wa Majengo una ndugu zake maofisini.

Kilichoivuruga nyumba ya vyumba sita ni stima. Neno lenyewe ni la meli na mitambo ya mvuke. Wakenya tuliling'ang'ania hata baada ya mvuke kuondoka, ilhali wenzetu wa kusini walichukua umeme wa radi. East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha kampuni za Nairobi na Mombasa, lakini waya uliwachukua miaka mingi sana wapangaji wa vyumba kuuona. Jambo la kuumiza kwa watu wa Embu ni kwamba stima ya nchi ilitengenezwa mlangoni pao. Mabwawa ya Seven Forks yamejipanga kwenye Mto Tana upande wa Mbeere: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nyaya nene zilipita juu ya vichwa vya watu kuelekea Nairobi.

Waya ulipofika Majengo, ulifika na mita moja kwa nyumba nzima. Vyumba sita, balbu sita, bili moja yenye jina la mwenye nyumba. Atagawanyaje? Njia rahisi ilikuwa kuitia ndani ya kodi na kuweka amri. Amri hizo nilizikuta. Hakuna koili ya kupikia. Hakuna hita. Pasi ni Jumapili tu, na saa nne usiku swichi kubwa inazimwa, awe mwalimu anasahihisha madaftari au hasahihishi. Keateka akipita ukumbini anasikiliza sauti ya maji yanayochemka kama polisi. Mpangaji ambaye stima yake imo ndani ya kodi amepata nafuu ya bei na amepata mlezi. Wale wanaotamani siku hizo, na nimewasikia, wanasahau hilo la pili.

Njia nyingine ni aliyoichukua mama: kugawanya bili kwa vichwa. Hapo palizuka kesi za kila mwezi. Mwenye redio analalamikia mwenye pasi, mseja analalamikia mwenye watoto watano wanaooga. Tisini zangu zilitoka kwenye hesabu hiyo, na sasa nikikumbuka, yule mama alikuwa akijilipia chumba chake pia. Hakunidhulumu. Mimi ndiye niliyefanya bili yake imkalie.

Kitu ambacho sote wawili hatukukijua ni kwamba palikuwa na sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ipo tangu 1959. Inatambua malipo ya huduma kama vile maji, taa, ufagizi na ulinzi, na inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au akubali kodi ya juu. Kufuli la pili lilikuwa kosa. Lakini sheria hiyo inalinda nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba changu cha 400 kilikuwa chini ya mwavuli huo. Chumba kile kile leo, kwa 4,500, kimetoka nje ya mwavuli, na hakijasogea hata hatua moja. Maskini wa mwaka huu ndiye tajiri wa kwenye kitabu cha sheria.

Siku hizi mita za tokeni zimemaliza kesi ya stima kwa kuiua. Kila mlango una kisanduku chake. Unapiga tarakimu ishirini kwenye vibonye, taa inawaka, na hakuna wa kukuzimia saa nne. Maji ya Rupingazi bado yanafika kwenye ploti nyingi kwa mita moja, kwa hiyo maji ndiyo yaliyorithi ugomvi, yakisaidiwa na pesa za taka na za mlinzi. Katika maghorofa mapya yanayochipuka Embu na Meru, utasikia kodi ikitajwa kwa unyenyekevu, halafu mstari baada ya mstari kufuata: maji, taka, usalama, taa ya ngazi. Wapangaji huuliza swali moja kabla ya kutazama chumba: "Hiyo ni yote?"

Kiswahili kina dawa ya swali hilo na ni fupi ajabu. Ni -mo, ya mahali pa ndani. Maji yamo. Stima imo. Taka hazimo. Haiwezekani kuipindua, wala haijali namba imetajwa wapi. Waandishi wa habari wameizoea katika "ikiwemo", ambayo wanaitumia kwa kila kitu bila kujali ngeli, na huko nako kuna makala nyingine. Kwa usahihi tungesema "kodi ni 4,500, yakiwemo maji", maana yaliyomo ni maji. Laiti ningemuuliza yule mama maneno mawili siku ile, "Maji yamo?", angejibu "hayamo", nami ningebisha bei au nikaenda zangu.

Hayo nilimweleza kijana aliyetoka langoni kuona ni mzee gani huyu anayekodolea kibao chao macho. Alinisikiliza kwa heshima. "Kwani shida ni nini, mzee? Maji tunakulipia. Stima unajinunulia tokeni." Nikamwambia basi kibao hakisemi hivyo. Akaingia ndani, akarudi na chaki na kitambaa chenye maji, akafuta mstari wa mwisho pale palipokubali kufutika, na chini yake akaandika: MAJI YAMO. STIMA HAIMO.

Nikamuuliza bei sasa ni ngapi.

"Ile ile," akasema. "Elfu nne na mia tano."